Jiwe Letu, Kito Chao

Maganzo ni mji mdogo ulio kando ya barabara kuu itokayo Shinyanga kwenda Mwanza, jirani kabisa na mgodi wa almasi wa Mwadui. Msafiri apitaye ndani ya basi aweza kuudhani kuwa ni mji kama miji mingine ya njiani: maduka ya rejareja, mama lishe, mafundi baiskeli, vijana wa bodaboda wanaongoja abiria kivulini. Lakini wenyeji wake wana kipaji kimoja ambacho miji mingi haina. Wana jicho la kupima. Jiwe likiletwa, halishangiliwi kabla halijatazamwa. Huinuliwa kwenye mwanga, likageuzwa huku na huku, likaulizwa maswali: Je, lina ufa? Rangi yake ni ipi? Likichongwa, litabaki kiasi gani? Majibu ya maswali hayo ndiyo bei. Hakuna mnunuzi anayetoa fedha zake kwa sababu tu jiwe limetoka katika shimo la jamaa yake.

Tunaanza na desturi hiyo kwa sababu ni katika mji huo huo tulikowasikia vijana wakisahau kuitumia. Tulialikwa kusikiliza mdahalo wa wanafunzi wa sekondari, na hoja ilikuwa kwamba muziki wa kigeni una faida kuliko hasara kwa utamaduni wa taifa. Akasimama kijana mmoja, akawaamkia walimu na wazee kwa adabu, kisha akasema: "Ndugu mwenyekiti, hoja yenyewe ina kosa. Tunauita muziki wa Queen kuwa wa kigeni, na hali mwimbaji wake ni Mzanzibari. Santuri yao mashuhuri ina neno Bismillahi. Basi santuri ile ni yetu, nasi tuidai!" Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Akainuka binti wa upande wa pili, naye akasema: "Kama ni yetu, mbona bibi yangu haelewi hata neno moja? Zile ni kelele za Wazungu. Zipigwe marufuku redioni, na ngoma zetu zitafufuka zenyewe." Makofi yakawa yale yale, pengine hata kuzidi.

Sisi tulioketi meza ya mbele tulitabasamu. Tulipopewa nafasi tukasema maneno mawili matatu ya kuwapongeza wote, tukaagana nao. Hilo lilikuwa kosa. Mzee anayesifu hoja mbili zinazopingana huwa hakusikiliza hata moja. Leo tunalipa deni hilo, na tunalilipa mbele ya walimu na wanafunzi wote, kwa kuwa mawazo ya wale vijana wawili si yao peke yao. Yamo vichwani mwa watu wazima wenye ofisi na mihuri. Tunasema waziwazi kwamba mawazo yote mawili ni potofu, na kwamba upotofu wao una mzizi mmoja.

Tuanze na yule wa kwanza, na tumtendee haki kwa kuyataja yaliyo kweli. Ni kweli kwamba Farrokh Bulsara alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946. Wazazi wake walikuwa Waparsi wenye asili ya Gujarati, na baba yake, Bomi Bulsara, alikuwa mtunza fedha katika Mahakama Kuu chini ya serikali ya kikoloni. Akiwa na umri wa miaka 8 hivi, mtoto huyo alipelekwa katika shule ya bweni huko Panchgani, India. Akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia yake ikahamia Uingereza. Huko akasomea sanaa ya michoro katika chuo cha Ealing, London. Mwaka 1970 akajiunga na mpiga gitaa Brian May na mpiga ngoma Roger Taylor kuanzisha bendi ya Queen, naye akajiita Freddie Mercury. John Deacon, mpiga gitaa la besi, alijiunga nao mwaka 1971. Novemba 1975 walitoa santuri yao ya nne, "A Night at the Opera", jina walilolitwaa katika filamu ya kuchekesha ya mwaka 1935. Ndani yake umo wimbo "Bohemian Rhapsody", na ndani ya wimbo huo neno Bismillah linaimbwa. Mercury alifariki London tarehe 24 Novemba 1991. Filamu iliyotolewa mwaka 2018 ndiyo iliyowafanya wajukuu wamjue, na mwaka 2019 pakafunguliwa jumba la makumbusho yake katika Mji Mkongwe wa Zanzibar.

Hayo yote ni kweli. Lakini je, kweli hizo zinatosha kuifanya santuri ile iwe yetu? La hasha. Kuzaliwa mahali fulani ni sadfa. Hakuna mtoto aliyechagua hospitali. Sanaa si mtoto hata irithishwe kwa cheti cha kuzaliwa. Sanaa ni kazi, na kila kazi ya sanaa yapasa kuulizwa maswali matatu kabla taifa halijajitapa kwayo: Imefanywa kwa jasho la nani? Imefanywa kwa lugha ya nani? Imekusudiwa masikio ya nani?

Santuri ya "A Night at the Opera" haifichi majibu yake. Jasho lake ni la Waingereza katika studio za Uingereza, ikiwamo studio ya Rockfield iliyoko shambani huko Wales. Lugha yake ni Kiingereza. Neno moja la Kiarabu halikuifanya iwe ya Waarabu, sembuse ya Waswahili, tena mwimbaji mwenyewe alizaliwa katika familia ya dini ya Zoroasta na hakuwahi kukubali kuueleza wimbo ule maana yake. Na kuhusu masikio yaliyokusudiwa, kijana wetu angeisikiliza santuri ile mpaka mwisho angepata jibu. Kipande cha mwisho kabisa ni wimbo wa taifa wa Waingereza, umepigwa na Brian May kwa magitaa bila maneno. Wenyewe wametia sahihi mwishoni mwa kazi yao kwa wimbo wa malkia wao. Sisi twawezaje kuifuta sahihi hiyo na kuandika jina letu?

Tena anayedai sifa na adai lawama pia. Oktoba 1984, wakati Afrika Kusini ilipokuwa chini ya ubaguzi wa rangi na wasanii wa dunia walipoombwa wasiende kutumbuiza huko, Queen walikwenda kupiga muziki Sun City, katika eneo la Bophuthatswana lililobuniwa na makaburu. Chama cha wanamuziki cha Uingereza kiliwatoza faini. Mwaka huo huo Tanzania ilikuwa nchi ya mstari wa mbele, na huko Mazimbu, Morogoro, vijana wa Afrika Kusini waliokimbia makaburu walikuwa wakisoma katika ardhi tuliyowapa. Ikiwa Queen ni wetu, basi na safari ile ya Sun City ni yetu. Tunajua kuwa hakuna kijana wa Maganzo atakayekubali kuubeba mzigo huo, wala hatumlazimishi. Tunamkumbusha tu kwamba anayefurahia kuitwa mwenye shamba siku ya mavuno hawezi kujificha siku ya magugu.

Sasa tuurejee mji wetu, kwa kuwa watu wa Maganzo walifundishwa somo hili zamani, na waliolifundisha hawakutumia kalamu. Mgodi wa Mwadui uligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, mwanajiolojia wa Kanada. Mwaka 1947 ilipatikana humo almasi ya rangi ya waridi yenye uzito wa karati 54.5. Williamson aliitoa iwe zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth, aliyeolewa Novemba mwaka huo. Ikapelekwa London, ikachongwa, ikabaki karati 23.6. Mwaka 1953 ikawekwa katikati ya pambo la kifuani lenye umbo la ua, lililotengenezwa na Cartier, na kwa miaka mingi Malkia Elizabeth wa Pili alilivaa katika sherehe. Vitabu vya vito vinaitaja almasi ile kwa jina la Williamson. Maganzo haitajwi.

Je, ni kwa kukosa haya tu kwamba ulimwengu unaliita jiwe lile kuwa kito cha Waingereza? Dhuluma imo, na hatutachoka kuisema: jiwe lilitoka katika ardhi ya watu ambao hawakuulizwa. Lakini limo na jambo jingine, na hilo ndilo linalotuuma zaidi. Jiwe lilikuwa letu. Mkono uliolichonga haukuwa wetu. Jicho lililoona ua ndani ya jiwe halikuwa letu. Na thamani ya kito haikai katika shimo peke yake. Hukaa pia katika mkono na katika jicho. Ndivyo ilivyokuwa kwa yule mtoto wa Unguja. Sauti yake alizaliwa nayo, na alizaliwa nayo kwetu. Lakini aliyempa kinanda utotoni, aliyemfundisha kuchora, aliyempa studio, aliyempa wenzi wa kushindana nao na wasikilizaji wa kumkosoa, hakuwa sisi. Kumdai leo ni sawa na mtu anayesimama mlangoni pa sonara na kupiga kelele kuwa pete zote ni zake kwa sababu aliwahi kulima karibu na mgodi.

Wapo watakaosema kuwa tunakuwa wagumu mno, na kwamba kwa kipimo hiki taifa halitakuwa na mtu. Sivyo. Kipimo hiki kinatunyang'anya mmoja, kinaturudishia wengi. Remmy Ongala alizaliwa Kindu, mashariki ya Kongo, mwaka 1947. Alifika Dar es Salaam mwaka 1978, akapiga na Orchestra Makassy, kisha akaongoza Super Matimila. Aliimba kwa Kiswahili juu ya umaskini, kifo na maonevu, na watu wa mitaani wakajiona ndani ya nyimbo zake. Mwaka 1989 albamu yake na Super Matimila, "Songs for the Poor Man", ilitolewa na kampuni ya Real World ya Uingereza. Tazameni ajabu hiyo: mtu aliyezaliwa Kongo, albamu iliyotolewa Uingereza, na bado hakuna Mtanzania atakayesita kusema kuwa ni yetu. Aliyefariki Dar es Salaam tarehe 13 Desemba 2010 alizikwa kama mwana wa nchi. Hata kituo cha daladala huko Sinza kinaitwa Kwa Remmy. Sisi tulimsikiliza, sisi tulimlisha, sisi tulimpa lugha na habari za kuimba, naye alitulipa kwa kuimba. Huo ndio uzawa wa sanaa.

Na almasi yenyewe ina ushahidi wake. Palikuwa na kiwanda cha kuchonga almasi Iringa, kilichojulikana kwa jina la Tancut, na katika miaka ya 1980 kiwanda hicho kilikuwa na bendi yake, Tancut Almasi Orchestra. Wapenzi wa muziki wa dansi wa umri wetu wanaikumbuka vyema. Kwa hiyo palikuwa na wakati ambapo, chini ya jina moja, Watanzania walichonga jiwe mchana na wimbo usiku. Hatusemi kuwa kila kitu kilikwenda sawa wakati ule. Tunasema kwamba wazo lilikuwa sahihi: anayechimba na achonge, na anayechonga na aimbe. Bendi ile haipo tena. Badala ya kuuliza kwa nini haipo na nani anazitunza sauti zake, kijana wetu anapigania kumiliki bendi ya watu wa London. Msiba wetu uko hapo.

Tuhamie sasa kwa yule binti aliyetaka marufuku. Yeye anaipenda ngoma ya bibi yake, na kwa mapenzi hayo tunampa heshima. Lakini dawa anayoipendekeza imekwisha jaribiwa. Novemba 1969 wakuu wa Mkoa wa Pwani, ambao wakati ule Dar es Salaam ilikuwa ndani yake, walipiga marufuku muziki wa soul wa Wamarekani Weusi kwenye kumbi za vijana. Waliokuwa vijana wakati ule wamesimulia wenyewe jinsi marufuku ilivyozidisha hamu. Zaidi ya hayo, na hili ndilo la kupima, marufuku ile haikuongeza ngoma hata moja katika kijiji chochote. Kumfungia mgeni mlango hakupiki chakula cha wenyeji.

Mwalimu Nyerere alilijua jambo hili mapema. Tarehe 10 Desemba 1962, alipolihutubia Bunge kama Rais wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika na kutangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, aliwasuta wasomi waliojua kucheza dansi za Kizungu huku hawajawahi hata kuzisikia ngoma za kwao. Wengi hulikumbuka hilo. Wachache hukumbuka kuwa katika hotuba hiyo hiyo alionya kwamba kufufua utamaduni wetu si kuukataa wa wengine, na kwamba taifa lisilotaka kujifunza kwa mataifa mengine ni taifa la wapumbavu. Yule binti ameishika nusu ya hotuba. Yule kijana hakuishika hata hiyo nusu. Sisi twawaomba waishike yote.

Basi tuna nini cha kujifunza kwa santuri ile, baada ya kukubali kuwa si yetu? Tunacho kingi, na ndiyo maana hatutaki ipigwe marufuku. Tungependa isikilizwe darasani kama fundi anavyotazama kazi ya fundi mwenzake. Katika sehemu ya katikati ya "Bohemian Rhapsody" husikika kundi kubwa la waimbaji wakijibizana, sauti za juu na za chini, kana kwamba ukumbi mzima umesimama. Umati huo haupo. Waimbaji walikuwa watatu tu: Mercury, May na Taylor. Waliimba, wakarekodi, wakaimba tena juu ya sauti zao wenyewe, siku baada ya siku kwa majuma matatu hivi, mpaka ukanda wa kurekodia ukachakaa, na wenyewe wamesimulia kuwa ukiuinua uliona mwanga ukipenya. Katika wimbo mwingine wa santuri hiyo, "Good Company", Brian May ameiga bendi nzima ya tarumbeta na zumari kwa gitaa peke yake. Nao waliandika kwa fahari juu ya jalada kwamba hawakutumia vinanda vya umeme viigavyo sauti.

Msomaji na atue hapa kidogo, aone aibu tunayoiona sisi. Watu watatu walitoa jasho la majuma matatu ili waonekane kuwa umati. Sisi tunao umati wenyewe! Usukumani, baada ya mavuno, vikundi vya Bagalu na Bagika, vilivyoasisiwa na waganga wawili mahasimu, Ngika na Gumha, hupambana kwa ngoma. Vyote viwili hucheza wakati mmoja katika uwanja mmoja, na mshindi ni yule atakayewavuta watazamaji wengi upande wake. Hapo manju hutunga, waitikiaji hujibu, majembe ya bugobogobo hurushwa hewani yakadakwa, nyoka wa Bayeye huinuliwa juu ya vichwa. Hapana haja ya kuongeza sauti juu ya sauti, kwa maana sauti zimo mia. Je, ni nyimbo ngapi za viwanja hivyo zimerekodiwa, zikaandikwa maneno yake, jina la manju likatiwa, na nakala ikawekwa katika shule ya karibu? Mwalimu usomaye haya, nenda katika maktaba ya shule yako ukahesabu. Tunaogopa kwamba hesabu yako itakuwa fupi.

Hatusemi kuwa hakuna aliyefanya lolote. Redio Tanzania Dar es Salaam, kwa miaka mingi, ilipeleka mafundi wake mikoani kurekodi ngoma, na bendi kubwa za dansi zilipita katika studio yake. Hazina hiyo ni ya taifa na yapaswa kutunzwa kama dhahabu ya benki. Huko Bujora, Kisesa, karibu na Mwanza, padri David Clement, naye pia mtu wa Kanada, alikusanya ngoma na vifaa vya Wasukuma, na hadi leo sikukuu ya Bulabo huyakutanisha makundi ya ngoma mwezi Juni. Wakanada wawili walifika katika nchi moja: mmoja akachukua mawe, mwingine akakusanya ngoma. Wa pili twamshukuru. Lakini shukrani hiyo inaficha swali chungu. Kwa nini kazi ya kuitambua thamani ya ngoma ya Msukuma ilimngoja mgeni? Tena mwaka 1950 Hugh Tracey alipita Tanganyika akirekodi nyimbo za makabila mengi, na sauti hizo zikahifadhiwa Afrika Kusini. Mtafiti Mtanzania anayetaka kuisikia sauti ya babu yake huenda ikambidi aandike barua ng'ambo. Jiwe limetoka tena likiwa ghafi.

Hapo ndipo ulipo ule mzizi mmoja tuliousema mwanzoni. Yule anayedai santuri ya Waingereza na yule anayetaka ipigwe marufuku wote wanaikimbia kazi. Wa kwanza anatafuta fahari iliyokwisha chongwa tayari, ili asichonge. Wa pili anatafuta adui wa kumlaumu, ili naye asichonge. Wote wawili wangeweza kupita mbele ya manju mzee anayekohoa nyumbani kwake, mwenye nyimbo ambazo hakuna mwingine azijuaye, wasisimame. Mzee huyo akifa, hakuna marufuku itakayomfufua, wala hakuna jumba la makumbusho la mtu wa ng'ambo litakalojaza nafasi yake.

Tunajua jibu litakalotolewa: hatuna fedha, hatuna mitambo. Ilisemwa wakati wake kuwa "A Night at the Opera" ilikuwa miongoni mwa santuri zilizogharimu fedha nyingi mno. Ni kweli. Lakini wenye santuri hiyo walikuwa wameingia kazini wakiwa na madeni, baada ya kugombana na wasimamizi wao wa kwanza juu ya fedha, na wimbo wa kwanza wa santuri umejaa hasira juu ya unyonyaji huo. Na gitaa lile tulilolisifu halikununuliwa dukani. Brian May alilitengeneza nyumbani pamoja na baba yake, kuanzia mwaka 1963. Shingo yake ni ubao wa meko ya zamani. Springi zake ni za pikipiki. Alama zake za vidole ni vifungo vya nguo vya mama yake. Mkono wake wa kutetemesha nyuzi ni chuma cha kubebea mfuko wa baiskeli. Tuliwataja mafundi baiskeli wa Maganzo mwanzoni mwa makala haya, na hatukuwataja bure. Vyuma hivyo vyote vimelala chini ya miti yao. Kinachokosekana si chuma. Kinachokosekana ni baba na mwana walioketi pamoja jioni na kuamini kuwa kitu cha thamani chaweza kutoka mikononi mwao.

Na leo mitambo imetujia mifukoni. Simu ya mwanafunzi wa kidato cha tatu hurekodi sauti bila ukanda wa kuchakaa, na vijana wa miji yetu wamethibitisha kwa miaka mingi kuwa chumba kimoja na kompyuta moja vyatosha kutoa wimbo unaosikika Afrika Mashariki nzima. Udhuru umekwisha. Iliyobaki ni kazi, nayo tunaigawa hivi.

Kwa walimu: kila shule na iwe na daftari la nyimbo za eneo lake. Katika daftari hilo liandikwe jina la mtungaji, kijiji chake, mwaka ambao wimbo ulirekodiwa, maneno yake kwa lugha ya kwao na maelezo yake kwa Kiswahili. Daftari la namna hiyo halihitaji bajeti ya wizara. Linahitaji kalamu na mwalimu mmoja asiyeona haya kuketi chini mbele ya mzee asiyejua kusoma.

Kwa wanafunzi: isikilizeni santuri ya Queen, na msikilize nyingine nyingi, lakini msiisikilize kama watoto wanaotafuta picha ya ndugu yao katika albamu ya jirani. Isikilizeni kama wachongaji. Ulizeni: hapa wamefanyaje? Sauti hii imewekwaje juu ya ile? Kisha nendeni kwa manju wenu mkiwa na swali hilo, mkafanye kwa sauti mia walichofanya wale kwa sauti tatu. Mkijua mafumbo ya lugha yenu kama wale walivyoijua yao, hamtakuwa na haja ya kudai wimbo wa mtu.

Kwa wenye ofisi na mihuri, nasi tukiwamo: tukome kujivunia majina ya waliokwisha ondoka huku waliobaki hawana mahali pa kufanyia mazoezi. Marufuku moja huandikwa kwa dakika tano. Studio ya wilaya, maktaba ya sauti, posho ya mzee anayefundisha ngoma shuleni, hayo huchukua miaka, na hayampi mkubwa picha gazetini. Ndiyo sababu hayafanywi. Tuliyaandika haya tukijua kuwa nasi tumo katika lawama, kwa maana siku ile ya mdahalo tulikuwa na nafasi ya kuyasema, tukatabasamu.

Waswahili husema chanda chema huvikwa pete. Usemi huo haukusema pete itoke wapi, lakini watu wa Maganzo wangeweza kuukamilisha. Jioni, jua linapoegemea upande wa mgodi, bado utawakuta wapimaji barabarani wakiinua mawe kwenye mwanga wa mwisho. Hawaulizi jiwe limezaliwa wapi; wanajua. Wanauliza litachongwa na nani. Tunawaomba walimu walipeleke swali hilo darasani kesho asubuhi, na waanze na wimbo mmoja tu wa mzee mmoja aliye hai.